Kamera ya kiwandani kona zina giza? Kwanza jua giza lako limetulia au linatembea

Hii nawaandikia hasa mafundi wenzangu wa viwanda vya samaki hapa Mwanza, ila na wa kwenye vinywaji na plastiki itawafaa. Kamera iko juu ya mkanda inaangalia minofu ya sangara, katikati picha safi, pembeni giza, basi mnofu mzima kabisa ukipita pembeni programu inautupa eti umebadilika rangi. Na kitu cha kwanza watu wanachokimbilia ni geini, yaani kuikuza nguvu ya picha kwenye menyu. Geini inapandisha picha nzima bana, katikati panaungua na kona bado iko nyuma kwa uwiano uleule.

Kamera nyingi za viwandani zina marekebisho yanaitwa flati fildi, kwenye menyu nyingine wameandika shedingi. Yanafanya kazi vizuri sana lakini yanaweza kurekebisha giza lililotulia tu, yaani lile linalokaa sehemu ileile kila picha. Giza linalotembea hayaliwezi hata uyapige mara ngapi. Kwa hiyo kabla hujagusa menyu chukua ubao mweupe wa plastiki kama ule wa kukatia samaki, mpya usio na michubuko, uweke chini ya kamera, piga picha asubuhi, mchana na jioni, soma namba za mwanga (0 ni nyeusi, 255 ni nyeupe kabisa) za katikati na za kona nne. Kisha uzungushe ubao nusu duara usome tena, maana giza likihama na ubao basi shida ni ubao.

Namba zikibadilika asubuhi na jioni mara nyingi ni jua. Viwanda vingi vina zile bati za kupitisha mwanga, na jua likihama na kivuli kinahama. Hapo dawa ni kuifunika kamera na taa zake kwa boksi, hamna njia ya mkato. Zikicheza picha hadi picha ni taa inapepesa, umeme wetu ni 50 Hz kwa hiyo taa ya bei chee inapepesa mara 100 kwa sekunde. Utaambiwa weka eksposha, yaani muda kamera inapokea mwanga, ya milisekunde 10 au mara mbili yake, kweli itatulia, lakini mkanda ukienda sentimita 20 kwa sekunde mnofu unasogea milimita 2 ndani ya muda huo na picha inakuwa na ukungu, mimi naona bora ununue taa yenye pawa saplai ya DC iliyotulia umalizane nayo. Kingine ni mvuke kwenye kioo cha kava, wakishaosha ukumbi tu kinapata jasho, subiri kikauke.

Giza lililotulia mara nyingi linatoka kwenye lenzi na mpangilio wa taa. Lenzi yenyewe kimaumbile inapoteza mwanga pembeni, miale ikiingia kwa pembe ya nyuzi 30 unabaki na kama asilimia 56 tu ya mwanga wa katikati, na hiyo ni lenzi isiyo na kasoro yoyote. Kufunga apacha, yaani kubana tundu la lenzi, kutoka 1.4 mpaka 4 kunasaidia sehemu nyingine lakini hiyo ya pembe haiondoki. Ila kama kona ni nyeusi tii, angalia kama lenzi imetengenezwa kwa sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea picha) ndogo kuliko yako, hapo hamna cha kurekebisha, badili lenzi.

Sasa ndo uje kwenye menyu. Washa kamera na taa uziache zipate moto nusu saa hivi, maana LED ikiwa baridi inawaka zaidi, na sensa ikipata joto namba inazotoa hata bila mwanga zinapanda. Zima kila kitu cha atomatiki, eksposha, geini, rangi, na gama, ile inayopinda mwanga wa picha, iwe 1. Funika lenzi upige picha za giza kwa eksposha ileile ya kazini. Kisha weka ubao pale pale mnofu unapopita, sio juu zaidi wala chini, na fokasi usiiguse. Sehemu inayong'aa zaidi isome kama 180 hadi 200 kati ya 255, ikigonga 255 tu umeharibu kila kitu. Piga picha 16 au zaidi huku ukisogeza ubao kidogo kidogo ili michubuko ijifute kwenye wastani, na picha 16 zinapunguza chenga, zile punje punje za picha, mara 4.

Kamera inatoa namba za zile picha za lenzi iliyofunikwa kwenye kila pikseli (nukta ya picha) halafu inazidisha ili zote zifanane. Kona iliyokuwa 120 wakati katikati ni 200 inazidishwa kwa 1.67, na chenga zake nazo zinazidishwa hivyohivyo! Ndo maana nasema taa kwanza, ukisogeza taa kona ikafika 170 unazidisha kidogo tu.

Vumbi je? Marekebisho yanalificha pia, na hiyo ni hatari, siku ukilifuta utaona doa jeupe pale lilipokuwa, kwa hiyo safisha kabla. Kamera za laini, zile zinazosoma mstari mmoja mmoja, hesabu ni hiyohiyo ila ubao usogee wakati unapiga, la sivyo kila mchubuko unakuwa mstari.

Ukigusa lenzi, apacha, fokasi au taa, rudia yote. Na faili la zamani la marekebisho na picha zake usilifute, liandike tarehe, maana LED zinafifia taratibu na ukilinganisha picha nyeupe ya mwaka jana na ya leo, kwa setingi zilezile, utaona taa ya upande gani inachoka, uagize mpya mapema kabla laini haijasimama.