Darubini kujizima kwenye baridi kali
Pole kaka, umesema darubini yako ya kutazama nyota inajizima kwenye baridi. Mota inayoizungusha kulia halafu darubini kujizima kwenye nyuzi 22 chini ya sifuri haina maana mota imeungua. Niko Minnesota, Marekani, yamenikuta. Grisi ya ndani inaganda kama samli, mota inavuta umeme mwingi, na betri ya asidi (kama ya gari) kwenye baridi hiyo inabaki na kama nusu ya uwezo wake. Pima volti mota ikizunguka, utaona zinavyoporomoka. Mimi betri naiweka kwenye kasha la kupoozea soda (ndiyo, lile lile) pamoja na chupa ya maji moto. Skrini ya rimoti ya darubini kuchelewa ni kawaida. Lenzi ikishika ukungu usiipulizie, pumzi inageuka barafu papo hapo. Ukimaliza, funga darubini begini ukiwa bado nje, ndipo uiingize ndani, isije ikashika unyevu.