Maswali na majibu: Alama za darasa la 12 na maombi ya mapema Marekani

Vyuo vingi vya Marekani vyenye dirisha la mapema (kuomba kabla ya wengine na kujibiwa kama Desemba) hulifunga tarehe 1 au 15 Novemba. Barua ni nyingi, na nyingi zinauliza jambo moja: alama za darasa la 12, mwaka wa mwisho wa sekondari, zina uzito gani?

Mwanangu anaomba kwa Novemba 1. Rafiki zake wanamwambia chuo kitaangalia darasa la 9 hadi la 11 tu. Ni kweli? (Mama, Louisville)

Ni nusu ya ukweli, mama, na nusu iliyobaki ndiyo inayowaumiza watoto wetu. Transkripti, yaani rekodi rasmi ya alama, ya Novemba huishia darasa la 11 kwa sababu muhula wa kwanza wa darasa la 12 bado haujafungwa. Lakini kwenye fomu hiyo hiyo mwanao ameorodhesha masomo anayosoma mwaka huu, na msomaji wa faili huyaangalia kabla hata hajafika kwenye insha. Halafu shule nyingi hufunga robo ya kwanza mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, na vipo vyuo vinavyotaka alama hizo mara tu zikitoka. Kwa hiyo Septemba na Oktoba si miezi ya kupasha misuli. Kwa mwombaji wa mapema, ndiyo habari mpya pekee chuo kinayoweza kupata kumhusu.

Niongeze ambalo hukuuliza. Kama darasa la 11 lilimwendea vibaya na sasa ndiyo kwanza anainuka, usimkimbize kwenye dirisha la mapema kwa sababu jirani kasema huko nafasi ni rahisi. Aombe kwenye dirisha la kawaida la Januari, ambako muhula mzima wenye alama nzuri utasimama upande wake. Mapema humfaa yule ambaye faili lake limekwisha kukamilika.

Akishakubaliwa Desemba, si amemaliza? Anaweza kupumzika? (Baba, Dallas)

Hapana. Hili nililijibu mwaka jana na mwaka juzi, na bado kila msimu linarudi kama halijawahi kujibiwa. Anayesaini Common App, fomu moja ya maombi inayotumiwa na vyuo vingi, anakiri kwa saini yake kwamba nafasi yoyote atakayopewa ni ya masharti: transkripti ya mwisho ionyeshe kazi ya kiwango kile kile kilichompatia nafasi. Kaunsela, yaani mshauri wa wanafunzi shuleni, atatuma ripoti ya nusu mwaka yenye alama za muhula wa kwanza, na mahafali yakipita atatuma ya mwisho.

A moja ikigeuka B, hakuna atakayemfukuza. D, F, au masomo matatu kuporomoka kwa pamoja, hapo chuo huandika barua ya kutaka maelezo, na nafasi inaweza kufutwa hata mwezi wa saba, wakati vyuo vingine vyote vimeshafunga milango. Mwaka 2017 University of California, Irvine, ilifuta nafasi karibu 500 miezi miwili tu kabla ya masomo kuanza. Baada ya malalamiko makubwa chuo kiliomba radhi na kuwarejesha wale ambao kosa lao lilikuwa nyaraka zilizochelewa. Walioporomosha alama hawakuingia kwenye msamaha huo. Basi hakikisheni pia kwamba transkripti ya mwisho imefika kwa wakati. Msimwachie kaunsela mwenye mamia ya wanafunzi aikumbuke peke yake.

Binti yangu anataka kuacha fizikia na kalkulasi achukue masomo mepesi, GPA (wastani wa alama) isishuke. Mnashaurije? (Mlezi, Portland, Maine)

Asiache kimyakimya. Masomo aliyoyaandika kwenye fomu ni sehemu ya alichoahidi. Akibadilisha, lazima akijulishe chuo, na akishakubaliwa aulize kwanza kabla ya kuacha. Anayeomba uhandisi kisha akatupa kalkulasi anaharibu maombi yake kwa mkono wake. Kwenye chuo kinachochuja sana, B ya somo gumu kwa kawaida ina heshima kuliko A ya somo la kujazia ratiba. Lakini kama analemewa hadi halali usiku, aache somo moja, na kaunsela aeleze sababu kwa maandishi. Afya ya mtoto inatangulia.

Vyuo vya University of California navyo vina maombi ya mapema?

Havina. GPA yao huhesabu masomo ya darasa la 10 na la 11, lakini alama za la 12 ni sharti la kuishika nafasi.

Tumesaini Early Decision, ombi la mapema lenye mkataba. Alama za muhula zikitoka nzuri sana, tunaweza kuendelea na vyuo vikubwa zaidi? (Wazazi, Ohio)

Mkikubaliwa, hamwezi. Mkataba huo una saini tatu: ya mwanafunzi, ya mzazi na ya kaunsela. Akikubaliwa anaondoa maombi mengine yote. Mlango wa kutokea kwa heshima ni mmoja, yaani msaada wa fedha ukiwa hautoshi, na hapo mnazungumza na ofisi ya msaada kwa hesabu zilizo wazi. Inanisikitisha kuona familia inasaini kwanza na kuuliza ada baadaye. Karibu kila chuo kina kikokotoo cha gharama kwenye tovuti yake. Kaeni nacho jioni moja kabla ya kusaini.

Shikamoo. Niko kidato cha sita Moshi, matokeo yangu yatatoka Julai. Wakala anasema shule inikadirie A tatu ili nipite mapema. (Mwanafunzi)

Marahaba, mwanangu. Mkimbie huyo wakala. Unaweza kabisa kuomba Novemba kwa matokeo ya kidato cha nne kutoka NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania), alama za kidato cha tano, na makadirio ya kweli ya walimu wako. Matokeo ya mtihani wa utamilifu (mock) yakitoka, yaingie kwenye ripoti ya nusu mwaka. Julai yakija C na D mahali palipoandikwa A, chuo kitauliza, na atakayejibu ni wewe na shule yako. Wakala atakuwa ameshakula pesa yako. Mwalimu anayekadiria juu kwa huruma anaharibu pia jina la shule kwa wadogo zako watakaoomba mwakani.

Nami niko Kisumu, KCSE, mtihani wetu wa mwisho wa sekondari, ni Novemba hii hii. Niombe sasa?

Fanya mtihani kwanza. Matokeo hutoka kama Januari; omba msimu unaofuata ukiwa na cheti mkononi. Mwaka mmoja wa kungoja, ukiutumia kwa kazi au kujitolea, hauhesabiwi kuwa kosa.

Mwanangu amejibiwa Desemba kwamba ombi lake limesogezwa kwenye kundi la kawaida. Tumekata tamaa. (Mama, Boise)

Usikate tamaa, dada. Hakukataliwa, faili lake litasomwa upya, na safari hii likiwa na alama za muhula wa kwanza. Hapa ndipo darasa la 12 linapoamua zaidi kuliko mahali pengine popote. Muulize kaunsela tarehe atakayotuma ripoti ya nusu mwaka, kisha mwanao aandike barua fupi kwa chuo: bado anakitaka, na alama zake mpya ni hizi. Asitume vyeti kumi na picha. Mitihani ya muhula ikiwa bado, barua ingoje. Leo usiku asome.