Mashine ya barafu jiko la nje Uyole? Mi naona bado

Mkuu umeuliza kama uweke mashine ya barafu kwenye hilo jiko lako la nje hapo Uyole, Mbeya, mi naona usiweke kwanza. Mwezi wa 6 na wa 7 usiku huku inashuka chini ya nyuzi 10 na mashine nyingi hazijatengenezwa kwa baridi hiyo, na ukichukua ya ndani ukaitoa nje ndo kabisaa, vumbi la kiangazi linaziba kondensa (ile sehemu inayotoa joto la mashine), inabaki kuchemka tu. Halafu lile boksi la barafu kwenye nyingi za chini ya kaunta sio friza, barafu inayeyuka pole pole muda wote na maji yanataka pa kutokea, kwahiyo utavunja sakafu upitishe bomba, bado filta, bado stabilaiza maana umeme wetu unaujua. Na Julai nani anataka soda ya barafu, wageni wote wanagombania kukaa karibu na mkaa wa kitimoto 😂

Kama ni biashara ya juisi hapo hesabu nyingine, nunua iliyoandikwa kabisa ni ya nje, baridi ikianza uizime na kuikausha maji. Vinginevyo friza ndogo ndani inatosha, siku ya sherehe unajaza deli.