Umeniuliza vitabu, mimi nimekumbuka lori

Mwanangu,

Meseji yako ya juzi nimeisoma mara tatu. Unataka nikusaidie kufikiria vitabu vipya vya hadithi vilivyogawanywa sura kwa sura vya mjukuu wangu, manake vya picha anasema ni vya nasari na vile vinene ukimpa anageuza karatasi mbili tatu halafu anaomba maji, mara anataka kukojoa, mara kichwa kinauma. Na mwalimu wake wa P4, darasa la nne, ameandika kwenye ripoti kwamba hapendi kusoma.

Hilo neno ndilo limenikaa kooni. Hapendi kusoma. Nimeshalisema mimi mwenyewe kwa mdomo wangu, juu ya kaka yako, mbele ya watu, na wewe hiyo stori unajua nusu tu kwa sababu ulibaki nyumbani na mama yako.

Ilikuwa ile likizo ya Disemba nilipompeleka Mombasa na lori, akiwa P5. Kutoka hapa Malaba mpaka kule chini huyo mtoto hakufunga mdomo. Alisoma kila kitu kilichoandikwa barabarani: bao za hoteli, majina ya maduka Bungoma, Webuye, Eldoret, kilomita zilizobaki, na zaidi ya yote yale maneno ya nyuma ya malori, unajua vile madereva tunavyoandika, mafumbo na maombi na vijembe. Alikuwa na daftari la shule lililobaki kurasa, akawa anayaandika humo moja moja, na yale asiyoelewa ananiuliza, baba "hasidi" ni nani, baba kwa nini ameandika hivi, huyu ameachwa na bibi? Na mimi nikajibu, tukacheka. Nikikumbuka hapo mpaka leo nasikia raha.

Mombasa nikapata hela kidogo nikaona nimfanyie jambo la maana, nikaingia duka la vitabu nikamnunulia kitabu cha Kiingereza, kinene, maandishi madogo kama chawa, kwa sababu nilitaka mtoto wangu awe mtu. Tukarudi, tukalala Voi. Asubuhi tuko kwenye chai na madereva wenzangu nikamwambia asome kwa sauti wamsikie. Akasoma mstari wa kwanza, wa pili akakwama, neno moja tu, akalirudia, akalirudia, watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini walicheka. Nikaona haya. Nikasema huyu hapendi kusoma, kazi yake ni huu upuzi wa malori. Nikachukua lile daftari lake, nikachana karatasi, nikaenda kupima oili ya injini na kufutia ile dipstiki, kijiti cha kupimia, kwa maandishi yake, yeye amesimama pale anaangalia.

Nimejiambia miaka mingi kwamba nilikuwa nimechoka tu. Lakini tambara la kufutia lilikuwepo chini ya kiti, siku zote lilikuwepo. Kwa hiyo haikuwa uchovu.

Toka Voi alinyamaza. Mtito Andei tukapita, hajasoma bao. Emali, hajasoma. Nairobi mji mzima na mataa yake, hajasoma. Mpaka tunafika Malaba.

Sasa huyo huyo ana gereji Jinja, na ukienda utamkuta na kitabu cha injini kizito kama tofali, cha Kiingereza, ndani ni nati na bolti tupu, na anakisoma ukurasa kwa ukurasa, na mafundi wengine wanakuja kumuuliza. Basi hakuwa hapendi kusoma. Au labda alipenda baadaye, sijui. Mimi ninachosema, na nimekisema tangu mama yenu yuko hai, ni kwamba mtoto anasoma kile alichoanza kusomewa. Wewe ulisomewa. Mimi niko barabarani mama yako alikuwa anakaa na wewe na taa ya chemli, anasoma sura moja anafunga, ukilia anakwambia kesho. Ndio maana baadaye nilikuwa nakukuta chini ya blanketi na tochi ya gari langu unasoma Moses wa Barbara Kimenye, yule mtoto mtukutu wa bodingi, na ukimaliza kimoja unataka kingine, kwa sababu vile vitabu vimefuatana, mtoto ni yule yule na marafiki wale wale, ukishamjua huanzi upya kama mgeni.

Hapo ndipo nimefika kwenye swali lako, samahani nimezunguka.

Tafuta vya namna hiyo, vyenye ndugu zake. Kimoja akikipenda, vingine vinajivuta vyenyewe. Moses mwenyewe nenda duka la vitabu la Aristoc pale Kampala Road uulize kama wanavyo, ndiyo ni vya tangu miaka ya sitini lakini kwake yeye ni vipya, hajavisoma. Na kuna vipya vya leo vya watoto wa miaka nane mpaka kumi, vya hapa kwetu na vya Kenya, usichukue kwa jalada, fungua ndani uangalie kama sura ni fupi, kurasa tano sita hivi, maandishi makubwa, na picha moja moja za hapa na pale. Dereva hawezi kutoka Malaba mpaka Mombasa bila kusimama, na mtoto naye anataka mahali pa kusimama, pa kusema leo nimefika hapa. Kitabu kisicho na kituo cha karibu kinamchosha kabla hajaondoka.

Kingine alinifundisha mwalimu mmoja niliyempa lifti toka Tororo mpaka Iganga. Alisema mwache mtoto afungue ukurasa wa katikati asome, kila neno asilolijua anakunja kidole, vidole vitano vikiisha kabla ukurasa haujaisha kitabu hicho bado, kirudishe, mwakani kitamfaa. Ningejua hivyo Mombasa pale. Ukurasa wa kwanza tu kaka yako angekunja mikono yote miwili.

Halafu mwanangu usisahau huyu mtoto amepita wapi. Alikuwa top klasi, ile ya mwisho ya nasari, shule zikafungwa kwa korona Machi 2020, na zimefunguliwa Januari 2022, karibu miaka miwili mtoto yuko nyumbani na simu na tivii. P1 ameingia na miaka saba. Ile miaka ambayo mtu anacheza na herufi hakuipata na mwalimu, na wewe ulikuwa unahangaika na biashara, sikulaumu. Kwa hiyo akisoma polepole si mvivu. Mpeleke pia wakamwangalie macho, hicho kichwa kinachouma kila akishika kitabu mimi sikipendi.

Kuhusu lugha. Najua shuleni kwake ni Kiingereza kitupu, lakini nyumbani mnaongea Kiswahili, na serikali yenyewe ya Uganda 2022 ilisema kifundishwe kwa lazima praimari na sekondari, sasa kwa nini hadithi za kumchekesha zisiwe za lugha anayochekea? Mimi nikivuka hapo upande wa Kenya napata vitabu vya hadithi vya Kiswahili vimepangwa kwa madarasa, nimeshaangalia viwili, kimoja kinakimbia vizuri na kingine kinahubiri mno, kila sura lazima mtoto apate adhabu au somo, mtoto anajua akihubiriwa. Nitanunua kile cha kwanza. Na ukiwa na bando kuna African Storybook kwenye intaneti, ni bure, kuna Kiswahili na Luganda na lugha zingine nyingi. Ni hadithi fupi, hazina sura, lakini zinafaa jioni ambayo amechoka, asione anashindwa. Maktaba ya taifa pale Buganda Road nayo ingia naye siku moja, mwachie achague mwenyewe hata akichagua kitabu cha magari. Hasa akichagua kitabu cha magari.

Lakini vitabu tu havitoshi. Msomee. Ana miaka kumi, ndiyo, bado msomee, wewe ukurasa mmoja yeye mmoja, akikwama mpe neno uendelee, usimngoje mpaka aaibike. Na simama pale pazuri, pale mtu yuko mlangoni na hajafungua. Mtoto anasoma kile alichoanza kusomewa, nitakwambia mpaka nife.

Hiyo habari ya baba yake kumlipa shilingi mia tano kwa kila kitabu, umeniuliza nionavyo. Sitasema. Yeye ndiye baba, na mimi nilifuta oili kwa daftari la mtoto wangu, sina mdomo. Nasema tu mama yako hakukulipa. Basi, nimesema tayari, lakini msigombane kwa ajili yangu.

Kitabu nitampa kondakta wa basi la Ijumaa, utampigia akifika. Na Jumamosi jioni nipigie wewe, uweke simu spika, mimi nitakuwa na nakala yangu hapa, nimsomee sura ya kwanza. Miwani ninayo. Nikikwama mimi anisaidie neno.

Kaka yako usimwambie nimeandika haya. Au mwambie. Sijawahi kumuuliza kama anaikumbuka ile asubuhi ya Voi, na kila nikienda Jinja tunaongea juu ya gari tu. Angalia wewe.

Baba yako,
Malaba