Maji ya kuoshea kioo cha gari hayatoki, pampu inanguruma

Kama pampu unaisikia ikinguruma ukibonyeza na tangi lina maji, usikimbilie kununua pampu mpya. Fungua boneti, chomoa mpira pale unapoingia kwenye kitundu cha kurushia, kisha mwambie mtu abonyeze. Maji yakiruka kwa nguvu, kilichoziba ni kitundu chenyewe. Yakichuruzika tu au yasitoke kabisa, fuata mpira nyuma hadi kwenye tangi. Kwa gari la zamani mpira hukauka na kupasuka, hasa kwenye maungio na pale unapokunjwa na boneti.

Kitundu kisafishe kwa waya mwembamba sana. Uzi mmoja wa nyaya za umeme unatosha. Sindano nene naikataa, inapanua tundu na maji yataishia kumwagika kwenye boneti badala ya kuruka. Ukiona unga mweupe mdomoni mwa kitundu, hiyo ni chokaa ya maji magumu: kichomoe, kiloweke kwenye siki ya moto kiasi kwa nusu saa, kisha kipulize kwa kinyume, kuanzia upande wa kioo, ili uchafu urudi ulikotoka. Ukiupuliza kwa mbele unaukandamiza zaidi.

Halafu tafadhali angalia ndani ya tangi. Ute wa kijani ukiwa bado umo, kitundu kitaziba tena wiki ijayo. Lisuuze mpaka maji yatoke safi, na safisha kichujio kidogo kilicho kwenye shingo ya pampu. Wengi hawajui kama kipo.