Usiache kurapu kuhusu gemu

Dada, umeuliza kama uache mistari ya gemu na katuni ili wenye studio wakuone msanii wa maana. Usiache. Mtazame rapa Sammus wa Marekani: jina la kisanii kalitoa kwa Samus Aran, shujaa wa kike wa gemu ya Metroid, akatengeneza midundo mwenyewe huku akisomea udaktari wa falsafa Chuo Kikuu cha Cornell. (Ndiyo, vyote viwili.)

Ila chunga midundo. Ukikata kipande cha muziki wa gemu bila kibali, wimbo unaweza kushushwa mtandaoni, hata kama mashairi ni yako. Piga kinanda chako. Shoo zianzie kwenye makongamano ya wapenda gemu, si klabu. Kule ukilitaja jini la hatua ya mwisho, ukumbi mzima unaitikia. Fulana uza mwenyewe, palepale mlangoni.