Asilimia ya kurejeleza ikigoma kupanda, pima mfuko wa taka

Mwaka wa kwanza nilivyoanza kutenganisha taka nyumbani nilinunua kamizani kale ka kuning'iniza, nikawa napima kila kitu na kuandika kwenye daftari. Mwezi wa kwanza taka zote kilo 30, nilizorejeleza (zile za kwenda kutengenezwa vitu vipya) kilo 6, yaani asilimia 20. Mwezi wa nne nimefika 40, nikafurahi kweli, nikajua mwaka ukiisha niko 80. Wapi! Ikakwama hapohapo, na mwezi wa tisa ikashuka mpaka 35, nikakata tamaa kabisa.

Baadaye nikaona hata nchi zinapitia hukohuko. Marekani walikuwa kama asilimia 6 mwaka 1960, wakapanda hadi 34 mwaka 2010, halafu 2018 wakarudi 32. England kutoka kama 11 mwaka 2000 walifika 44 hivi kufikia katikati ya miaka ya 2010, na toka hapo wanazunguka palepale. Mwanzo unaokota vile vyepesi kupata, magazeti, chupa za kioo, makopo, na vyote vina uzito. Vikishaisha hivyo, kilichobaki ni kigumu.

Sasa angalia daftari langu la huo mwezi wa tisa. Taka zote kilo 24, nilizorejeleza 8 na kidogo. Magazeti tulishaacha, tunasoma kwenye simu, na chupa za kioo zilipungua, ndo maana asilimia ikashuka. Lakini taka za kutupa zilikuwa zimetoka kilo 18 za mwezi wa nne hadi karibu 16! Nilikuwa nafanya vizuri zaidi na namba inaniambia nimeharibu. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, usiifuate asilimia peke yake, pima kile unachotupa.

Wa pili, mwaga huo mfuko chini uuangalie. Mimi nilitandika plastiki nikachambua mwenyewe, harufu usiseme, na kwenye zile kilo 16 kilo 9 zilikuwa maganda na mabaki ya msosi. Mifuko na vifungashio vya plastiki vilijaa macho lakini kwenye mizani havifiki hata kilo mbili. Nikaanza mboji, kila nikiweka maganda naweka na majani makavu juu yake (usipoweka itanuka na wadudu watajaa), na mwezi uliofuata, nikihesabu na maganda ya mboji, nikapita asilimia 70. Hata Wales, ambao wamepita 60, mabaki ya chakula wanayakusanya pembeni.

Na jamani, suuzeni chupa na makopo kabla ya kuyaweka na vya kurejeleza. Niliwahi kuweka chupa moja ya mafuta haijafungwa vizuri juu ya maboksi, ikavuja usiku kucha, maboksi yote yakakataliwa, maana karatasi ikishanyonya mafuta haifai tena kutengenezea karatasi nyingine.

Siku hizi kila Jumapili napima mfuko wa kutupa tu. Wiki iliyopita umetoka kilo moja na nusu.